Mzee wa Usukani: Namba 17 Ilikwenda Wapi?

Nimeegesha lori kwa mara ya mwisho. Mgongo umesema basi, nami nimeutii. Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuvuta trela ndani ya California, kilichobaki ni kahawa na barua zenu, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za namba za barabara. Zilizofanana nimeziunganisha, msione mmeibiwa.

SWALI: Shikamoo Mzee. Huu ni mwezi wangu wa pili kuendesha lori hapa Oakland. Kuna mzee wa ghalani kila akinielekeza anasema "shika 17." Simu inanionyesha 17 iko kule San Jose. Ananitania?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakutanii, anakumbuka.

Mimi yalinikuta hayo hayo mwaka 1996, tena pabaya kuliko wewe, maana sikuwa na simu. Nilikuwa na ramani ya karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Mpanga safari wetu, mzee wa makamo aliyekaa kazini tangu ujana wake, akaniambia asubuhi: toka San Leandro, shika 17, nenda bandarini Oakland. Nikafungua ramani, nikaiona 17 yangu vizuri kabisa: inaanzia Santa Cruz ufukweni, inapanda milima, inashukia San Jose, basi. Nikajisemea wakubwa wana sababu zao. Nikageuza kusini. Baada ya saa moja na ushee nilikuwa mlimani na trela tupu, kona zimebanwa na ukuta wa zege katikati, foleni ya magari madogo nyuma yangu, kila mmoja mkono kwenye honi. Nilipompigia kutoka kibanda cha simu kuuliza bandari iko upande gani wa mlima, alicheka mpaka akakohoa. Barabara niliyokuwa nimeegesha ubavuni mwake asubuhi ile ndiyo 17 aliyoisema. Kibao chake kilisema 880.

Mpaka mwaka 1984, 17 ilikuwa barabara ndefu: Santa Cruz, San Jose, Oakland, kisha daraja la Richmond hadi San Rafael. Mwaka huo ikakatwa vipande. Toka San Jose hadi Oakland ikavikwa kibao cha umbo la ngao, nyekundu na buluu, cha Interstate, yaani barabara kuu za taifa zima, ikawa I-880. Kipande cha darajani kikawa cha I-580. 17 ikabakiwa na mlima wake tu. Tena hiyo 880 yenyewe ilikuwa namba ya mtumba: kabla ya hapo ilivaliwa na barabara iliyouzunguka mji wa Sacramento kwa kaskazini. Mapema miaka ya 1980 I-80 ikahamishiwa kwenye mzunguko huo, 880 ikabaki haina mwenyewe, na Oakland wakaichukua.

Ukikutana na wazee kama huyo wako, waulize wameanza kazi mwaka gani. Ukishajua mwaka, utajua anasema namba ipi.

SWALI: Mzee, kwani hizi namba zilitungwa kwa hesabu gani? Au kila mtu alijiandikia?

JIBU: Hesabu ipo, na ni tamu. Ila kuna mfumo juu ya mfumo, kwa hiyo vumilia.

Barabara za US, zenye ngao nyeupe, zilipewa namba mwaka 1926 nchi nzima. Namba shufwa zinakwenda mashariki na magharibi, namba witiri kaskazini na kusini, na ndogo zinaanzia mashariki na kaskazini. Ndiyo maana huku magharibi mwisho tukapata 99 na 101. Ilipokuja Interstate baada ya sheria aliyoitia saini Rais Eisenhower mwaka 1956, wakageuza hesabu juu chini kwa makusudi: namba ndogo zikaanzia magharibi na kusini. Ndiyo maana I-5 iko kwetu na I-95 iko Atlantiki. Shabaha ilikuwa namba zinazofanana zisikutane sehemu moja ya nchi.

Lakini unayoiuliza nadhani ni ile ya jimbo lenyewe, ile ngao ya kijani iliyochongwa umbo la sepetu la mchimba dhahabu. Hiyo ilianza mwaka 1934. Ngao za mwanzo zilikuwa na dubu juu, na vibao vyenyewe vilisimamishwa na vilabu vya wenye magari. Shufwa na witiri walifuata desturi ile ile. Juu yake wakaongeza jambo ambalo madereva wengi wamepita nalo maisha yao yote bila kulijua: chukua namba, igawanye kwa nne. Ikibaki sifuri au moja, barabara ni ya kaskazini mwa jimbo. Ikibaki mbili au tatu, ni ya kusini.

Jaribu. 17 ukigawa kwa nne inabaki moja: kaskazini. 12 haibakizi kitu: kaskazini, kule Napa na Sonoma. 74 inabaki mbili: kusini, inapanda milima kutoka Hemet. 39 inabaki tatu: kusini. Na 49, inayopita miji ya machimbo ya dhahabu kule Sierra, inabaki moja, kaskazini, sawasawa na kanuni, na papo hapo inawakumbusha wale waliokimbilia dhahabu mwaka 1849. Hiyo nikimweleza mtu hutabasamu hata kama hapendi hesabu.

Usije ukacheza kamari kwa kanuni hii, lakini. Namba zilizogawiwa mwaka 1964 na baadaye hazikuijali. 57 ingekuwa ya kaskazini, iko Orange. 87 ingekuwa ya kusini, iko San Jose.

SWALI: Unataja 1964 kila mara. Kulitokea nini?

JIBU: Kulitokea usafi wa nyumba.

Kabla ya hapo barabara moja ilikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kibao, wewe unaiona. Ya pili ilikuwa kwenye vitabu vya sheria, anaijua mhandisi na karani. Dereva alisema 101. Kitabuni 101 hiyo hiyo ilikuwa njia namba 2 kutoka San Diego hadi San Francisco, ukivuka kwenda kaskazini inakuwa namba 1. Na 99 ilikuwa namba 4 kutoka Los Angeles hadi Sacramento, kisha namba 3. Zile za sheria zilitolewa kwa kufuata mpangilio wa kupitishwa, kuanzia mkopo wa dola milioni 18 ambao wapiga kura waliukubali mwaka 1910, kwa hiyo hazikukuonyesha upande wala mahali.

Bunge la jimbo likapitisha sheria mwaka 1963, ikaanza kazi Julai 1, 1964: njia moja, namba moja, na namba hiyo isirudiwe popote ndani ya California, iwe ya jimbo, ya US au ya Interstate. Hapo ndipo watu walipopokonywa. I-5 ilipokuwepo, 5 ya jimbo kule kwenye ukingo wa milima nyuma ya San Francisco ikabidi iwe 35. I-8 ilipokuja, 8 ya Stockton ikawa 26. US 40 ikaondoka jimboni, na US 60, US 70 na US 91 nazo. US 99, uti wa mgongo wa bonde lote, ikaanza kuvuliwa ngao yake. Kazi kubwa akapewa I-5, na kipande cha kati kutoka Wheeler Ridge hadi Red Bluff kikaachiwa jimbo, ndiyo 99 tunayopita leo.

Inayoniuma ni US 6. Tangu mwaka 1937 ilitoka Long Beach, kando ya bahari hii, mpaka Provincetown, Massachusetts, kando ya bahari ile. Ilikuwa ndefu kuliko zote nchini. Mwaka 1964 wakaikata ikaishia Bishop, mji mdogo chini ya Sierra, mbali kabisa na Pasifiki. Nimewahi kulala Bishop na mzigo wa mabomba. Asubuhi nikaiona pale inapoachana na 395, inaelekea Nevada kama mtu aliyefukuzwa nyumbani, anajifanya ana safari zake.

Sasa nikupe moja ya kutafuna. Barabara ya Long Beach iendayo bandarini ilikuwa 15. Ilipokuja I-15, ikawa 7. Mwaka 1984 ikawa I-710. Lakini 7 hiyo haikuwa mpya ilipofika hapo. Kabla yake ilikuwa ya Sepulveda kule Los Angeles, njia ambayo sasa ni I-405. Na baada ya Long Beach haikuzikwa pia: leo 7 ni kibarabara kifupi kinachofika mpakani Mexico, mashariki mwa Calexico, na kazi yake kubwa ni malori. Nimepita juu yake mara nyingi nikiwaza kwamba namba ile imezunguka jimbo kuliko mimi.

SWALI: Baba, mbona I-238 ipo na I-38 haipo? Mwalimu wa udereva alituambia tarakimu mbili za mwisho ni za "mama yake."

JIBU: Mwalimu wako kasema kweli. 405 na 605 ni watoto wa 5, na 680 ni mtoto wa 80. Tarakimu ya kwanza ikiwa shufwa, barabara inazunguka au inaungana tena. Ikiwa witiri, inachomoza na kuishia. 238 ni mtoto asiye na mama, kwa kuwa hakuna I-38 popote Marekani.

Ni kipande cha maili mbili hivi kati ya Castro Valley na San Leandro, kinachounganisha 580 na 880. Jimbo lilikuwa na njia namba 238 tayari hapo. Walipotaka kuifanya Interstate mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitafuta namba ya ukoo wa 80. 280, 380, 580, 680, 780, 880 na 980, zote zina wenyewe. 180 ilikuwa ya jimbo kule Fresno, na sheria ya 1964 haitaki mapacha. 480 ilikuwa ya barabara ya ghorofa mbili ya ufukweni San Francisco. Wakachoka, wakaiacha 238.

Cha ajabu, 480 ilikuja kufa. Tetemeko la Loma Prieta la Oktoba 17, 1989 liliipasua, na kuanzia mwaka 1991 wakaibomoa, ghuba ikaonekana tena. Kwa hiyo namba ipo wazi. Hakuna aliyejisumbua.

Wewe mwenye lori, kijue kipande hiki kwa sababu nyingine. Lori la zaidi ya tani nne na nusu haliruhusiwi kwenye 580 kati ya San Leandro na Oakland. Ukitokea bonde la kati na mzigo wa bandarini, huna ujanja: unashika 238, unaingia 880. Zile maili mbili nimezikaa foleni saa nyingi kuliko nilizokaa kanisani, Mungu anisamehe.

SWALI: 101 ina tarakimu tatu. Ni mtoto wa nani?

JIBU: Si mtoto. Kwa hesabu ya US, "10" inahesabiwa tarakimu ya kwanza na "1" ya pili. Ni barabara kuu kama 99, ila namba za tarakimu mbili ziliisha.

SWALI: Kila mwaka naona jina jipya la mwanasiasa barabarani. Nani anaamua, na ni kodi yangu?

JIBU: Anaamua Bunge la jimbo, kwa azimio. Kibao si kodi yako. Azimio husema kitawekwa pesa za mchango kutoka nje ya serikali zikishatosha. Ndiyo maana mengine yanapitishwa na kibao huoni mpaka muda upite. Njia ya 134 ilipewa jina la Rais Obama mwaka 2017, vibao vikasimama mwishoni mwa 2018. Na jina haligusi namba. Aliyepotea ukimwambia "ingia barabara ya fulani" utampoteza zaidi.

Jina linaweza kuchakaa upesi kuliko lami. Mwaka 1971 kipande cha 90 karibu na Marina del Rey kiliitwa kwa jina la Rais Nixon. Mwaka 1974 akajiuzulu. Mwaka 1976 wakarudi na kukiita Marina. Linaweza pia kurudi: ile ya kutoka Los Angeles kwenda Pasadena ilifunguliwa Desemba 30, 1940 ikiitwa Arroyo Seco Parkway, mwaka 1954 ikawa Pasadena Freeway, mwaka 2010 wakalirudisha la kwanza. Namba zake nazo zilipishana: US 66 ilipita hapo, kisha 11, sasa 110. Kona hazijabadilika. Pale pa kuingilia unasimama kabisa kwenye alama ya kusimama, halafu unatakiwa uruke katikati ya magari yanayokimbia. Malori hayaruhusiwi humo, na sikuwahi kulalamika.

Mwaka 2005 makutano ya 41 na 46 pale Cholame yalipewa jina la James Dean, mwigizaji aliyepata hapo ajali iliyomuua, Septemba 30, 1955. Siku aliyokufa barabara ile ilikuwa US 466. Aliyefika leo akitafuta 466 hataiona hata kwenye kibao kimoja.

Na kwa yule aliyeuliza pembeni: mlima wa I-5 unaoitwa Grapevine haukupewa jina kwa sababu ya kujisokota kama mzabibu. Wahispania walikuta zabibu mwitu bondeni, wakaliita bonde la zabibu. Kujisokota kulikuja baadaye. Ile Ridge Route, barabara ya zamani ya milima hiyo ya mwaka 1915, ilikuwa na kona 697, na waliozihesabu nawaamini.

SWALI: Barabara inakufaje rasmi, Mzee?

JIBU: Kwa kalamu, mara nyingi. Njia zote zimeandikwa moja moja kwenye sheria ya jimbo, mwanzo wake na mwisho wake. Jiji likitaka kupanua vijia vya miguu au kupunguza mwendo kwenye mtaa wake mkuu bila kuomba ruhusa kila mara, linaomba likabidhiwe. Bunge linarekebisha kifungu, tume ya uchukuzi inapitisha, na tangu siku hiyo mashimo ni ya jiji. West Hollywood na Beverly Hills walichukua vipande vyao vya njia ya 2, ule mtaa wa Santa Monica Boulevard. Santa Monica walichukua kipande cha njia ya 1. Sheria huwaachia sharti moja: waendelee kuweka vibao vya kumwonyesha mgeni namba inaendelea wapi. Sharti hilo wengine hulitekeleza kwa macho makali kuliko yangu.

Nyingine hufa kwa mlima. Njia ya 39 inapanda kutoka Azusa na ilitakiwa kuungana na njia ya 2 kule juu. Maporomoko ya mwaka 1978 yalifunga maili za mwisho, na zimefungwa hadi leo. Kwenye sheria haijafa. Devil's Slide, kusini mwa San Francisco, ilikuwa ikimomonyoka kila masika. Mwaka 2013 mahandaki yakafunguliwa, na mwaka uliofuata lami ya zamani ikawa njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Nimekwenda kuitembea. Mahali nilipokuwa nakamata usukani kwa mikono miwili, kuna mtoto anakula biskuti.

Zipo pia zisizokufa kwa kuwa hazikuzaliwa. 190 inaanza bondeni, inapanda Sierra, inaishia msituni. Upande wa pili wa milima, Olancha, inaanza tena na kuendelea hadi Death Valley. Katikati ni wino tu.

SWALI: Kile kibao kidogo cheupe chembamba ukingoni, chenye herufi na tarakimu, kinasaidia nini? Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

JIBU: Kitakuokoa, kama kilivyoniokoa mimi.

Juu kabisa ni namba ya njia. Chini yake herufi za kaunti: KER ni Kern, ALA ni Alameda. Chini ya hapo ni maili, na hesabu yake si ya jimbo zima. Kila kaunti inaanza upya sifuri, kusini au magharibi mwake. Ukiona R mbele ya tarakimu, ujue barabara iliwahi kuhamishwa au kunyooshwa hapo. M ina maana palipohamishwa pamehamishwa tena. Wakifupisha kona, hawapimi upya kaunti nzima. Wanaziacha tarakimu za mbele kama zilivyo, na pale pa kuungania hesabu inaruka. Na vituo vya kutokea barabarani karibu vyote havikuwa na namba mpaka mwaka 2002 walipoanza kuzibandika. Kwa hiyo kwa miaka mingi kile kibao ndicho pekee kilichojua ulipo.

Desemba moja nilipasuka tairi kwenye 99, saa tisa usiku, ndani ya ukungu wa tule. Usiyeujua ukungu huo: unafumba jicho, unafumbua, huoni tofauti. Nilipopiga simu ya msaada, dada aliyepokea akaniuliza niko wapi. Nikasema kusini mwa Delano. Kusini kiasi gani? Sikujua. Yule dada akaniambia nitembee nyuma ya reli ya chuma, nisikanyage lami hata kidogo, nipapase mpaka nishike mti wenye kibao. Nikatembea nikihesabu hatua, mkono mbele kama kipofu. Nilipokishika nilimulika kwa tochi ya mdomoni, nikamsomea: tisini na tisa, K, E, R, halafu tarakimu. Kimya kidogo. Akaniuliza, "Kuna R mbele ya tarakimu?" Nikamulika tena, nikafuta umande kwa kiganja. Haikuwepo. Akasema wanakuja.